Jicho la Kushoto la Ngui

Jamhuri, Nairobi
Jumapili, 14 Juni

Kwa kaka yangu Mwanzia,

Pokea salamu zangu, wewe na Kavutha na watoto, na umfikishie Mama za kwake kabla hujasoma zaidi. Natumaini goti lake limetulia, na kwamba mvua ya huko Mwingi iliwaachia angalau mbaazi. Sisi huku tuna uhai. Ndugu yetu Ngui anakula vizuri, na juzi alitembea kutoka mlangoni hadi kwenye geti bila kunishika mkono.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Mara tatu nimekupigia nikiwa nimekusudia kukwambia, na mara tatu nikaishia kuuliza habari za shule. Kwenye simu wewe hunikatiza, kaka, na mimi hukubali kukatizwa. Nakuomba uisome peke yako kwanza, halafu uamue mwenyewe Mama asomewe nini.

Nianzie mbali kidogo, kwa sababu wewe ulifika hospitalini mambo yakiwa yameshaharibika, na mengi uliyasikia kwa watu.

Unajua kwamba Ngui alipoacha ulingo miaka saba iliyopita hakuacha ndondi. Alifundisha vijana kwenye ule ukumbi mdogo wa hapa Jamhuri, mkanda wake wa ubingwa umetundikwa ukutani, na vijana walikuwa na desturi ya kuugusa kabla ya mazoezi. Mwaka juzi walikuwa thelathini na mmoja. Kisha pakafunguliwa jengo la mazoezi huko Barabara ya Ngong, lenye ulingo wa wavu wa chuma, wanakofundisha ngumi na mateke na mieleka kwa pamoja, mapigano yale vijana wanayaita MMA. Wanafunzi wake wakaanza kuhama. Hakuna aliyeondoka kwa ubaya. Huyu alisema ana mtihani, yule alisema mgongo unamsumbua, halafu wiki mbili baadaye unamwona kwenye simu ya mtu akirusha teke. Kufikia Desemba walibaki wanne. Ngui aliendelea kufagia ukumbi mzima kila jioni kana kwamba wote wanakuja.

Bingwa wa mapigano hayo ni Kuria, kijana wa Mutuini, miaka ishirini na saba. Nataka umjue kwa haki, kwa maana najua unamchukia. Anaishi na mama yake, wanafuga ng'ombe watatu wa maziwa, na hata siku ya pambano alikama kwanza ndipo akaja mjini. Alihojiwa redioni akasema bondia ni mtu aliyejifunza nusu ya kupigana. Hakumtaja yeyote. Lakini Ngui alikuwa kwenye kiti changu cha kinyozi pale Kenyatta Market, nikimnyoa, na redio ilikuwa juu ya kioo. Akaniambia nizime mashine. Akasikiliza hadi mwisho, povu likimkauka shingoni, kisha akasema, "Nusu? Basi nitampiga na hiyo nusu."

Waandaaji wa mapigano walilipenda wazo hilo mara moja. Masharti yalikuwa raundi tano, mateke yanaruhusiwa, kuangushana kunaruhusiwa, ila aliyelala chini asipigwe. Wewe ulimpigia simu ukamwambia akatae, naye akakujibu kwamba ni maonyesho tu ya kuchangamsha watu. Hayakuwa maonyesho, kaka. Mtu wa miaka arobaini na tatu alikuwa akikimbia hadi Dagoretti Corner na kurudi kila alfajiri, na akirudi anakaa kwenye ngazi akishikilia mbavu, akinikataza nisimsaidie kuvua viatu.

Pambano lilikuwa Jumapili ya mwisho ya Machi, saa tisa alasiri, katika ukumbi mmoja katikati ya mji. Nilikuwa kwenye kona yake na ndoo na taulo, kama zamani. Watu walijaa hadi wengine wakasimama kwenye ngazi. Niliwaona vijana wetu wa zamani, karibu wote, wameketi upande wa Kuria. Ngui naye aliwaona. Aliwainulia glavu, na baadhi yao wakainama.

Raundi ya kwanza ilikuwa ya Ngui, sitaki mtu akwambie vinginevyo. Alikuwa mwepesi, ngumi ya kushoto ikitoka na kurudi, na kila Kuria alipoinua mguu alimkuta Ngui ameshasogea. Raundi ya pili Kuria alimkamata kiunoni akamwangusha mara mbili, na mara ya pili Ngui aliinuka polepole, akitafuta kamba kwa mkono. Alipokuja kuketi alikuwa anahema vibaya. Nilimuuliza kama tuache. Akaniambia, "Wewe nipe maji tu. Hao vijana wanaangalia."

Raundi ya tatu ndiyo uliyoiona kwenye video. Ngui alimfungia Kuria kwenye pembe akampiga ngumi nne, mbili za mbavu na mbili za kichwa, na Kuria akapepesuka hadi mikono ikashuka. Ukumbi mzima ulisimama. Kisha teke likaja kutoka upande wa kushoto, juu, na Ngui hakuinua mkono hata kidogo. Kabla hajafika chini, ngumi ya Kuria ikamkuta kwenye jicho la kulia. Refa alifika kwa mbio, lakini alichelewa. Kuria ndiye aliyepiga magoti kwanza, akimwita, "Mzee! Mzee Ngui!" na ndiye aliyenisaidia kumgeuza ubavu.

Yaliyofuata unayajua. Siku nne bila fahamu, jicho la kulia likapasuliwa mara mbili, na daktari akatueleza kwamba halitaona tena zaidi ya mwanga wa dirisha. Unajua pia alichosema kuhusu la kushoto, kwamba lilikuwa limekufa kwa ndani muda mrefu kabla ya pambano, na kwamba yeyote aliyelimulika kwa taa yake angeliona hilo. Nakumbuka ulivyosimama pale kwenye korido. Uliuliza nani basi aliyempa Ngui cheti cha macho kinachotakiwa kabla ya pambano. Jina lilikuwa limepigwa muhuri, Daktari Sonal, na siku hiyohiyo ukaanza kuandika malalamiko.

Uliandika vizuri, kaka. Daktari yule amesimamishwa kazi tangu Aprili. Ameapa kwamba alimpima mtu aliyesoma herufi zote hadi mstari wa chini, kwa macho yote mawili, na hakuna anayemwamini. Ngui alipoanza kusema maneno yanayoeleweka, la kwanza alilokwambia lilikuwa, "Mwacheni huyo daktari," nawe ukamfunika blanketi ukasema bado amechanganyikiwa.

Hakuwa amechanganyikiwa. Daktari Sonal anasema kweli. Mtu aliyesoma zile herufi ni mimi.

Ngui alinifunulia mwezi wa Januari, nikiwa nafunga kibanda. Akaziba jicho la kulia kwa kiganja akaniambia niinue vidole. Niliinua vitatu. Alisema kimoja, kisha akacheka, kisha akasema, "Muasya, hii jicho ilikufa kitambo. Hakuna mtu anajua, hata Mama." Lilikuwa limeanza kufunikwa na kiza katika pambano lake la mwisho, lile aliloshinda. Alistaafu kwa sababu hiyo, siyo kwa sababu ya bega kama tulivyoambiwa wote. Aliniomba niende kliniki na kitambulisho chake. Picha ile ni ya zamani, na wewe mwenyewe ulikuwa ukituita mapacha waliopishana miaka miwili. Nilikataa Jumatatu na Jumanne. Jumatano nikaenda. Daktari alinipima kwa upole sana, akaniuliza nimewahi kuumia jicho, nikasema hapana, na hapo sikuwa nimedanganya. Aliniambia nina macho mazuri kwa mtu wa kazi yangu.

Nilimwona tena hospitalini. Ilikuwa siku ya sita, wewe ulikuwa umetoka kununua dawa. Alikuja mwenyewe, bila koti jeupe, kumtazama mgonjwa wake, na Ngui alikuwa amefungwa bandeji hadi puani. Alisimama pale muda mrefu. Kisha akanigeukia akaniuliza kama tumewahi kuonana. Nikamwambia mimi ni kinyozi, labda alipita sokoni. Aliniomba radhi kwa kunisumbua.

Ungedhani hilo ndilo lote, na lingetosha. Kuna lingine.

Tulikuwa tumepatana, Ngui na mimi. Kwa kuwa upande wa kushoto alikuwa haoni, mimi ningekuwa naona kwa niaba yake. Kila mguu wa Kuria ulipoinuka upande ule ningepaza sauti, "Kushoto!" naye angeinua mkono. Tulifanya mazoezi miezi miwili ukumbini, mmoja wa wale vijana wanne akirusha teke, mimi nikiita. Alikuwa anainua mkono kabla sijamaliza neno. Raundi ya kwanza niliita mara tano, na mara tano alijikinga. Raundi ya pili vilevile.

Ngui anaamini kwamba raundi ya tatu niliita na hakunisikia kwa sababu ya kelele. Ameniambia hivyo tangu hospitalini, akinifariji, mkono wake juu ya kichwa changu, "Ilikuwa kelele mingi, usijisumbue." Nami nimeupokea ule mkono kila mara.

Sikuita. Kuria alipopepesuka niliitupa taulo miguuni pangu na kuruka nikilitaja jina la Ngui pamoja na ule ukumbi wote. Miaka saba nilikuwa kinyozi tu, na dakika ile nilikuwa tena mtu wa kona ya bingwa. Nilikuwa natazama ngumi zake. Ule mguu niliuona ukiinuka, kaka, niliuona vizuri kabisa, na mdomo wangu ulikuwa umejaa shangwe.

Alhamisi kamati ya madaktari inakaa. Nitakwenda, nitasema mbele ya Daktari Sonal nililofanya, na wakiniita polisi nitakwenda vilevile. Nakuomba uondoe malalamiko yako kabla ya siku hiyo, ili daktari huyo asikae usiku mmoja zaidi akijiuliza kama kweli alimpima mtu au aliota. Huenda watu wa ndondi wakamvua Ngui heshima yake. Nilimwambia hivyo. Alisema wachukue mkanda ule, hata hivyo yeye hauoni tena.

Barua hii nimemsomea, kwa kuwa hawezi kuisoma mwenyewe na sikutaka kuandika habari zake akiwa ameketi hapo asijue. Nilipofika mahali pa raundi ya tatu nilitaka kuruka. Sikuruka. Nilisoma polepole hadi mwisho wa lile neno shangwe, kisha nikaiweka karatasi chini.

Uso wake ulikuwa umeelekea dirishani. Nilidhani atanifukuza, na ningeondoka. Halafu akaniuliza, "Zile nne, zilikuwa safi?"

Nikamwambia zilikuwa safi.

"Alipepesuka kweli?"

Nikamwambia alipepesuka, mikono ikashuka, na vijana wetu wote walisimama upande wa pili. Akaitikia kwa kichwa taratibu. Kisha akajilaza, akageukia ukutani, na hajanisemesha tena hadi sasa ninapoandika. Chai niliyomwekea imepoa.

Nisalimie majirani, na mwambie Kavutha kwamba asali aliyotuma ilifika. Mbusu Mama mkono kwa niaba yetu sote wawili. Ukija Alhamisi nitafurahi kukuona, na ukichagua kutokuja kwa sababu yangu, basi njoo kwa ajili ya Ngui. Mwenyezi Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako,
Muasya