Kabati la Marehemu

Mdogo wangu,

Pokea salamu zangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo uliokuwa ukikusumbua umepata nafuu. Mimi sijambo kwa kadiri ya umri wangu. Magoti yanalalamika, lakini hayajanikataza kusimama, na wiki hii nimesimama sana kwa ajili yako.

Barua yako niliisoma mara mbili, na haikunipendeza hata mara moja. Unasema unaukana uraia wa hapa ili uchukue wa huko, na kwamba unachokosa ni cheti chako cha kuzaliwa tu, kilichobaki ofisini kwetu ulipoomba pasipoti. Hilo ningelivumilia. Lakini ukaongeza kwamba fomu ina mstari wa kueleza sababu, nawe utaandika: “Nchi yangu ilinikataa kwanza.” Kisha ukaniuliza, kwa kejeli, kama mimi bado naipenda.

Nilikwenda siku sita mfululizo kwenye ofisi ile ya pasipoti nilikotunza majalada miaka thelathini na moja. Dari ya masjala inavuja, na ndoo zimepangwa katikati ya makabati. Karani wa sasa, binti anayelingana na wajukuu zangu, aliniambia nirudi kesho, na kesho yake akaniambia vivyo hivyo bila kuinua macho. Nilitaka kumfokea, nikakumbuka kwamba desturi hiyo tuliianzisha sisi.

Nyuma yangu kwenye foleni kulikuwa na seremala mmoja mcheshi. Alisema nchi hii ni kama kiti alichotengeneza mkwewe: kila anayekikalia huanguka, na bado huambiwa ashukuru. Watu walicheka. Nikamgeukia, nikamwambia achunge ulimi wake.

“Kwani mzee,” akaniuliza taratibu, “wewe wamekukalisha wapi?”

Nikaligeukia tena dirisha la karani. Nilikuwa nimesimama tangu saa mbili asubuhi. Basi hilo ndilo jibu la kejeli yako. Nyumbani naitukana nchi hii kuanzia chai ya asubuhi hadi chakula cha jioni, lakini mwingine akiigusa, damu hunichemka. Sijivunii.

Siku ya sita karani alitoka na jalada lako, limeliwa pembe na mende. Cheti kilikuwa ndani, kimebanwa kwenye ombi lako la kwanza, lile lililopotea na kukukosesha nafasi ya chuo cha huko. Alishangaa kwamba hakulikuta kwenye kabati la maombi, bali kwenye kabati la marehemu, ambalo halifunguliwi na mtu. Akasema, “Aliyeliweka humo, mzee, alikuwa na roho ya korosho.” Nikatia sahihi ya kupokea cheti. Akaitazama, akaitazama na ile iliyokuwa juu ya jalada, kisha akanirudishia kitambulisho changu.

Ni mimi. Ombi lako lilifika mezani kwangu likiwa kamili. Ulikuwa fundi pekee wa pampu za maji mjini, nami nilijiambia kwamba nchi haiwezi kukusomesha kisha ikakutoa bure. Niliyaamini hayo kwa dhati. Lakini pia sikutaka kubaki peke yangu na mama, ambaye nilimlisha kwa mkono wangu huku akikuulizia wewe. Nikalifungia kwa marehemu. Ukaja dirishani miezi kumi na minne, na mimi, ndugu yako wa tumbo moja, nikikwambia kwamba serikali haina haraka. Hatimaye ulipata pasipoti kwa sababu moja tu: nililazwa hospitali, na mwenzangu aliyenishikia kazi alilipitisha ombi lako jipya, lenye nakala tu ya cheti, kwa siku tisa.

Chuo kilikuwa kimekwisha kumpa mwingine nafasi yako. Umezeeka ukiosha vyombo vya hoteli na kuilaani nchi kwa kosa lisilo lake. Makosa yake ni mengi, na mengine nimeyatenda kwa niaba yake. Hili lilikuwa langu mwenyewe.

Cheti nimekiambatisha. Usinishukuru, wala usijilazimishe kunisamehe, sijaomba. Uraia ukane ukitaka, ni haki yako. Lakini ule mstari wa sababu uandike kwa usahihi. Andika kwamba ulizuiwa na kaka yako. Mstari mmoja unatosha.

Unisalimie shemeji na watoto. Wakiuliza habari za baba yao mkubwa, uwasomee barua hii.

Ni mimi,
Kaka yako, mtunza majalada mstaafu.