Kola za Wajukuu wa Bunduki

Jumatatu, 4 Mei 2009

Shemeji Sumeila, mdogo wa marehemu mume wangu, kaja asubuhi, kifua mbele kama anakwenda kutawazwa. Kasikia mchumba wa mjukuu wangu Nafisatu ni Mwarma wa Timbuktu. "Shemeji, babu zao walitoka Moroko na bunduki, wakaivunja dola yetu. Ukoo wa mfalme Askia hauli kola zao, kokwa zao za posa."

Dola! Zaidi ya miaka mia nne. Mimi nilidhani mbuzi wake wamekufa tena.

Nikamwambia hao wenye bunduki walioa kwetu, wakasahau lugha ya kwao. Leo wanatukana kwa Kisonghai, tena vizuri kuliko yeye, na wanashona viatu. Sisi wa Gao tumebaki na kaburi la udongo na majivuno. "Hayo makubadhi yako kashona nani?"

Akaangalia miguu.

Alhamisi, 7 Mei

Leo tumekandika kaburi la Askia. Wanawake maji, wanaume udongo. Albakaye, huyo mchumba, kaja bila kuitwa, kapanda mpaka juu kwenye vile vijiti vinavyotokeza ukutani, udongo masikioni.

Sumeila chini: "Babu zako waangushe, wewe ukandike?"

"Ndiyo, mzee. Nipe hiyo ndoo."

Akampa. Watu wakacheka. Hapo ndipo alipokasirika kweli.

Nafisatu hali chakula. Huyu ndiye aliyenifundisha herufi kwa mkaa ukutani, mimi niliyezeeka bila kuona darasa. Mjinga wangu kipenzi. Nani atamliza nami ni hai?

Jumapili, 10 Mei

Wajumbe wa Timbuktu wameleta kola, kikapu kizima. Sumeila kaamuru zirudi jioni vilevile — zikirudi nzima, ndiyo jibu, mtoto hatutoi. Mkubwa wa nyumba akila hata moja, basi, tumekubali.

Mkubwa wa nyumba ni mimi. Shida ni kutafuna. Nina meno matatu na hayapatani.

Kikapu kiko kitandani kwangu. Nimetafuta kile kibati cha sadini nilichotoboa kwa msumari, cha kukwaruzia kola. Nimekipata. Kina kelele, kibati hiki.

Sumeila yuko ukumbini na wajumbe, anawasimulia enzi ya Askia. Sasa kanyamaza katikati ya vita.

"Shemeji, unakwaruza nini humo ndani?"

Nafisatu kasimama mlangoni, mkono mdomoni.

Makubadhi yanakuja. Nitamjibu nikishameza —