Taco za Samaki kwa Mtu Asiyekula

Jumapili, 2 Novemba

Kanisa, jua, nyumbani, jikoni. Tena Deng hakula.

Nilipika pilau ya mbuzi. Deng akaingia nyuma ya binti yangu Ciru, akainama mlangoni kama kawaida maana Mungu alisahau kumkata mahali fulani, akasalimia, akakaa pembeni kabisa mwa kochi. Nikamwekea sahani. Akasema ameshiba. Ametoka kanisani moja kwa moja, ameshiba nini, mahubiri? Maji nayo akakataa. Maji, na joto hili la Juba.

Mtu akikataa maji yako amekuona mchafu. Sina maelezo mengine.

Kazi yangu ni kusimamia ukumbi wa kulia wa hoteli moja huko mtaa wa Hai Cinema, na nimejifunza kuwasoma watu kwa sahani wanazorudisha. Anayekula mchuzi akaacha nyama ni mwoga. Anayechezea chakula ana uongo anaoupika. Asiyegusa kabisa anakudharau. Ciru anamtetea: mjini anakula vizuri, Mama, kuku, wali, kila kitu. Hapo ndipo nilipozidi kukasirika. Kumbe mdomo unafunguka. Unajifunga kwangu tu.

Akaaga mapema, akaenda kupiga soga getini na Wani, askari wetu. Kwa askari ana maneno. Kochini kwangu ni bubu. Ciru humsindikiza hadi mlango wa sebule tu, hiyo ni sheria yangu na haijafutwa.

Pilau yake nikamwita Wani aichukue. Sahani ikarudi safi, hata mifupa imenyonywa. Huyo ndiye mtu. Analinda geti na anajua kula.

Jumatano, 5 Novemba

Ciru ameletewa mashine kutoka Nairobi. Mwenzake kazini alikuwa likizo, akarudi nayo kwenye ndege. Yai kubwa jeusi lenye droo. Eti linakaanga kwa hewa.

Kwa hewa. Mama yangu alikaanga kwa mafuta, nyanya yangu kwa mafuta ya kondoo, na wote walikufa wazee.

Alipoiwasha, betri ya sola ikalia mlio mmoja mrefu, nyumba yote ikazima. Friji, feni, taa. Tukakaa gizani na yai letu. Sasa inabidi asubiri stima ya mji au jenereta ya mwenye nyumba ndipo akaange viazi, na viazi vyenyewe vinatoka kama vijiti vya kuwashia jiko.

Nikamuuliza ya nini. Akasema labda Deng hapendi mafuta.

Kwa hiyo mashine ni ya Deng. Mimi nimemlea kwa mafuta na jasho, simu yangu ya kiganjani ina kioo kilichopasuka, na mashine ni ya Deng.

Ijumaa, 7 Novemba

Leo limetoka. Wajomba wa Deng wanataka kuja kutoka Bor Jumapili ya mwisho ya mwezi. Kuja kuzungumza. Ciru alisema "kuzungumza" huku anakunja leso, na mimi si mtoto.

Baba yake angekuwepo angejibu yeye. Hayupo, neno ni langu. Kaka yangu aliye Nyeri ameshasema atafuata nitakalosema.

Nimesema hivi: mtu asiyekula kwangu hatachukua mtoto kwangu. Ale kwanza, hata tonge moja. Nimempa hadi Jumapili ya tarehe 16. Asipokula, wajomba wakae Bor. Na nimemkataza Ciru kumwambia. Chakula cha kulazimishwa si chakula. Nataka kuona moyo wake, si woga wake.

Ciru alilia. Mimi sikulia.

Jumapili, 9 Novemba

Taco za samaki. Ndilo jina la chakula. Kwa tahajia ya Kiswahili sitaliandika, nina heshima zangu.

Ciru ameipata kwenye simu. Haraka na rahisi, wanasema. Samaki anakaangwa kwa hewa, anawekwa ndani ya kimkate kilichokunjwa, juu kabichi mbichi. Yaani chapati iliyokunjwa ikapewa pasipoti. Vimkate vyenyewe Juba hakuna, kwa hiyo akanunua kisra kwa jirani, ule mkate mwembamba wa mtama. Kisra ni ya kuchovya kwenye mchuzi. Ukiikunja juu ya samaki mwenye ndimu inalowa na kukatika. Meza yote ikawa kabichi.

Deng akaangalia. Akameza mate, nilimwona. Akasema asante Mama, nimeshiba.

Mkataa pema, pabaya panamwita. Nilimwambia hivyo kwa tabasamu. Sidhani alielewa. Kiswahili chake ni cha Uganda, alikokulia kambini, kila kitu "iko". Au alielewa akapuuza, ndio mtindo wake.

Wani alirudisha trei bila punje. Hata vipande vya kisra vilivyokatika amekula. Nikajisemea, heri ningekuwa namwozesha Ciru kwa Wani, na Wani ana wajukuu.

Jumanne, 11 Novemba

Kazini, mgeni mmoja amerudisha ugali akiulizia kama tuna "kitu chepesi". Nilimpa maji.

Usiku nimeota Deng anakula. Hata ndotoni hakumaliza.

Alhamisi, 13 Novemba

Ciru hakati tamaa. Nimemzaa mimi, kwa hiyo sishangai, lakini inachosha.

Alienda asubuhi hadi Sherikat, ng'ambo ya daraja, kununua samaki, mbuta mbichi kabla jua halijamharibu. Akatoa minofu mwenyewe. Chumvi, kitunguu saumu, bizari nyembamba, pilipili ya unga, mafuta kijiko kimoja tu, na aliponiona naangalia kijiko akageuza mgongo. Akapanga vipande kwenye droo visigusane. Vikigusana vinatokota badala ya kukauka, anasema. Stima ilikuwepo. Yai likavuma. Katikati akavigeuza.

Safari hii aliacha kisra akapika chapati ndogo, saizi ya sahani ya kikombe, laini. Kabichi akaikata nyembamba kabisa, akaikanda kwa ndimu na chumvi ilegee. Mayonezi na pilipili ndani ya bakuli. Dania.

Nitaandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Ilikuwa tamu. Samaki alikuwa mkavu nje, ndani anatoa maji yake. Nilikula moja mezani na nyingine jikoni nimesimama, mlango umefungwa.

Ciru nilimwambia chumvi imezidi. Haikuzidi.

Jumamosi, 15 Novemba

Kesho.

Nimeshaandika ujumbe kwa kaka yangu kwenye simu, bado kuutuma tu. Wajomba wasije, kijana ana dharau, nitakueleza. Mfupi. Nimeusoma mara kadhaa na kila mara umenikaa sawa.

Ciru hanisemeshi. Anasuuza vikombe visafi. Anampenda yule mlingoti, hilo naliona, na linanichoma. Nampenda mwanangu kuliko hasira yangu. Lakini nikimtoa kwa nyumba inayotudharau, atakula dharau hiyo kila siku kwa maisha yake yote, na mimi nitakuwa nimeketi huku na jeuri yangu yote. Afadhali alie sasa.

Jumapili, 16 Novemba

Taco zilitoka vizuri kuliko za Alhamisi. Trei nzima. Nikavaa kitenge cha Pasaka. Deng akaja, akainama, akasalimia, akakaa pembeni. Ciru akaweka trei mbele yake. Nikamwambia mimi mwenyewe, kwa adabu yote niliyo nayo, karibu baba, ule.

Jasho lilimtoka. Akatazama trei, akatazama sakafu. "Asante Mama. Mimi iko sawa."

Basi. Ciru akaingia chumbani akafunga mlango. Deng akashangaa, akaaga, akatoka. Hakujua amepoteza nini.

Nikamwita Wani achukue trei. Nikakaa na simu, ujumbe uko tayari. Nikaona bakuli la mayonezi limebaki mezani. Nikajisemea, angalau askari ale vizuri, halafu nitume. Nikatia simu mfukoni, nikashika bakuli, nikaenda getini.

Wani alikuwa amekaa kwenye benchi lake na kipande kimoja cha samaki. Kando yake Deng. Trei mapajani. Taco moja mkono huu, nyingine mkono ule, mashavu yamejaa, kabichi kidevuni. Anakula kama mtu aliyelima ekari.

Aliponiona aliruka. Mlingoti mzima ukageuka ukaelekea ukutani, trei amekumbatia.

Nikamuuliza nini hii. Akajibu akiwa bado anatazama ukuta.

"Mama, usiniangalia. Tafadhali. Kwetu mwanaume hapana kula mbele ya mama ya bibi. Hata maji. Mpaka watu yenu na watu yetu imemaliza maneno. Ile ni heshima. Mimi nilifikiri wewe iko najua."

Wani alicheka hadi akashika mbavu. "Walahi, Mama, hii kijana inakula chakula yako kila Jumapili. Mimi napata mifupa tu."

Kila Jumapili. Pilau. Samaki. Vipande vya kisra vilivyokatika. Zile sahani nilizokuwa nasifu.

Nilisimama na bakuli kama mjinga, na mjinga ndiye nilikuwa. Miaka yote ya kusoma sahani, na hii niliishika mkononi kila wiki nikaisoma vibaya. Udhaniaye siye ndiye. Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Amenihesabu mama mkwe tangu siku ya kwanza aliyoingia mlangoni, kabla hajamtamkia Ciru neno lolote la maana, na mimi nilikuwa na ujumbe mfukoni wa kumfukuza.

Nikageuka, nikampa mgongo nami. Tukasimama hivyo, yeye na ukuta, mimi na nyumba. Nikalisogeza bakuli nyuma kwenye benchi bila kutazama. Nikamuuliza, chumvi je?

"Iko sawa, Mama." Akameza. "Lakini ile pilau ya mbuzi ndiyo kabisa."

Nimefuta ujumbe.

Jumanne, 18 Novemba

Ciru alipopata habari alicheka hadi akakaa chini. Halafu akakasirika, kwanza na Deng kwa kutosema, halafu na mimi kwa kutouliza. Deng anasema aliona aibu kusema jambo ambalo kwao hata mtoto analijua. Mimi sikuuliza kwa sababu niliona nisiulize mtu anayenidharau. Sote wawili tulikuwa na heshima zetu na mtoto akalia katikati.

Nimemwambia pole. Mara moja. Amesikia.

Kaka yangu nimempigia simu. Wajomba waje. Akauliza kijana yukoje. Nikasema anakula.

Mashine bado siipendi. Leo imezima nyumba tena.

Jumapili, 23 Novemba

Wajomba wanakuja wiki ijayo. Ciru amekwenda kusuka nywele na amechelewa, kwa hiyo samaki nimemkaanga mimi kwa hewa. Nilipanga vipande visigusane. Nikageuza katikati. Pilau pia nilipika, sufuria ndogo.

Deng alifika wakati mmoja na Ciru. Akasalimia, akakaa pembeni, akaanza kusema ameshiba.

Niliweka trei mezani, na pilau, na jagi la maji na glasi. Nikajipakulia sahani yangu, nikaingia nayo chumbani kwangu, nikafunga mlango.

Nikakaa kitandani, sahani magotini. Kisha nikasikia maji yakimiminwa kwenye glasi. Kisha kijiko. Ciru akacheka kidogo.

Chakula changu kilikuwa kichache. Nilikula polepole, nisije nikatoka kabla hajamaliza.