Mtaro Uliokosa Usawa

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba zamu za wodini hazijakumaliza mgongo. Sisi huku tunapumua. Baba anakohoa kidogo asubuhi, lakini bado anagombana na redio kama kawaida yake. Anayeumwa ni Mama Mdogo, na hiyo ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Unaukumbuka ule mteremko nyuma ya nyumba yetu. Mvua ikinyesha maji yanateleza kama juu ya bati, na kesho yake ardhi ni kavu vilevile. Niliporudi kutoka kwenye mafunzo ya bwana shamba nilimwomba Baba aniachie niutengeneze. Alicheka, akauliza tangu lini maji yakafundishwa kukaa, lakini akakubali. Nikamchukua Sururu, yule mchimbaji mpole asiyesema neno mpaka aulizwe mara mbili. Tulianza juu kwa vishimo vya nusu mwezi, mdomo ukitazama kilimani ili maji yaingie na kuzama. Mvua ya kwanza tu, nyasi zikachipua ndani yake. Hapo nikavimba kichwa.

Chini yake tukachimba mtaro mrefu wa kukatiza mteremko. Mtaro wa namna hiyo sharti uwe sawa mwanzo hadi mwisho, maji yasimame, udongo uyanywe taratibu. Ukiinama kidogo tu, yote hukimbilia upande mmoja.

Jumanne alasiri mvua ilishuka kwa hasira. Nilisimama mlangoni nikiutazama mtaro ukijaa. Kisha kona moja ikatepeta, ikakatika, na maji yakaporomoka na mawe mpaka jikoni kwa Baba Mdogo kule chini. Ukuta ulimwangukia Mama Mdogo akiosha vyombo. Tulimfukua kwa mikono. Amevunjika paja. Daktari anasema atatembea, ila hakusema lini.

Kesho yake tulikaa sebuleni. Baba alisema Sururu amechimba ovyo, akamwamuru asikanyage tena kwetu. Baba Mdogo hakuinua macho. Sururu alikuwa mlangoni, kofia mkononi, akanitazama mimi. Nikajifanya ninamimina chai. Tangu siku hiyo hakuna jirani anayempa kazi.

Dada, hakukosea yeye. Pima letu la usawa ni miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, na kamba yenye jiwe ikining'inia katikati. Kamba ikitulia kwenye alama ya mti wa kati, ujue miguu yote miwili iko usawa mmoja. Asubuhi tuliyopima mtaro, mguu mmoja ulipasuka. Niliuchonga kwa panga, ukawa mfupi, na sikuweka alama upya. Sururu aliniambia tuligeuze pima, miguu ibadilishane nafasi, tuhakikishe. Nikamjibu kwamba aliyesoma ni mimi, yeye achimbe. Tulipomaliza alimwaga debe la maji mtaroni, yakakimbilia kona ileile, nasi tukiyaona wote wawili. Nikamwambia aache kunichelewesha.

Leo asubuhi nimemfuata kwake. Nilimkuta amekaa kizingitini, hana la kufanya. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza siku ile. Akasema, "Ningesema, nani angeniamini mbele ya mtoto wa nyumba?" Nilimwomba radhi. Akanijibu, bila kupandisha sauti, kwamba radhi ya uani haimsaidii. Alifukuzwa sebuleni mbele ya watu, basi nikayaseme sebuleni mbele ya watu walewale.

Jumapili wote watakuwepo, ndipo nitakapoyasema. Naogopa, sikufichi. Mawingu yanajikusanya tena na kona ile bado iko wazi, na hakuna wa kuiziba pamoja nami isipokuwa yeye. Usinitetee kwa Baba, tafadhali. Ungekuwepo ungejaribu, nakujua.

Wasalimie shemeji na watoto, waambie shangazi... hapana, mama yao mdogo, yaani mimi, anawakumbuka. Siku hizi hata maneno yananichanganya. Ujifunike vizuri na baridi ya huko.

Bahasha sijaifunga. Nitampa Baba aisome kwanza, kisha yeye mwenyewe aipeleke posta. Ikikufikia, ujue ameshajua.

Ni mimi, mdogo wako