Mabakuli Manne ya Maua Makavu

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wifi na watoto. Barua hii ikukute mzima, na ikukute umekaa, maana ni ndefu, na wewe nakujua, ukisoma umesimama hufiki mwisho. Goti linaendeleaje? Wifi ameniambia bado unapanda ngazi za ofisini mbili mbili kama kijana wa miaka ishirini, halafu jioni unalalamika nyumba nzima isilale. Acha ubishi, upake dawa. Na mtoto wenu wa mwisho, jino limeshang'oka? Mwambie shangazi yake anataka kuliona hilo pengo kabla halijazibika.

Sisi huku hatujambo. Najua unalotaka kulisoma kwanza ni habari za mkono wa Mama, kwa hiyo nakupa: unapona. Ngozi mpya imeanza kufunga, na juzi muuguzi alimpunguzia bandeji, vidole vyote vitano sasa viko nje na vinafanya kazi. Hivi ninavyoandika amekaa kitandani kwake anachambua maua ya waridi kwenye sinia, na kila nikiacha kuandika ananiuliza kama nimekwama.

Ujumbe wako kwamba Jumamosi unakuja na gari kumchukua Mama akaishi kwako moja kwa moja tumeupata. Nimeusoma mara tatu. Sikulaumu hata kidogo, kaka. Mama haoni, ameungua jikoni, na mimi kutwa niko kazini. Mtoto gani mwenye akili timamu angekaa kimya? Ila kuna mambo huyajui, na kwenye simu siwezi kuyasema, kwa sababu kwenye simu wewe huwa umeshaamua kabla mtu hajamaliza sentensi. Usinune, ni kweli.

Nianzie kwenye yale mabakuli. Ulipokuja mara ya mwisho uliyaona, ukayasifu, lakini sidhani nilikueleza vizuri yalivyoanza. Macho ya Mama yalipozima kabisa mwaka jana, wiki za kwanza zilikuwa ngumu jamani. Alikuwa anapapasa kuta, anagonga viti, anajikuta mahali sipo. Siku moja aliingia ndani ya kabati langu la nguo akidhani ni chooni. Tulicheka mpaka tukakaa chini sakafuni, halafu katikati ya kicheko akaanza kulia, na mimi nikalia naye. Kesho yake akaniambia nimletee maua. Nikamuuliza ya nini, akasema kama macho yamegoma kazi basi pua itashika zamu.

Basi ndiyo ikawa kazi yetu. Unakumbuka alivyokuwa akiweka majani makavu katikati ya mashuka tulipokuwa wadogo? Kumbe ufundi ule alikuwa nao wote kichwani. Maua ya waridi yanachumwa asubuhi umande ukishakauka, unayachambua petali moja moja, unayatandaza juu ya kitambaa mahali penye hewa na kivuli, maana jua kali linanyonya rangi na harufu yote. Maganda ya machungwa unayakata membamba na kuyatoa ile nyama nyeupe. Vijiti vya mdalasini unavivunja, karafuu unaziponda kidogo tu zifunguke. Kila kitu kikikauka hadi kinalia ukikifinya mkononi, unakichanganya na chumvi ya mawe ili ishike harufu, unadondosha mafuta ya kunukia tone kwa tone kwa ile chupa yenye kipira, unafunika kwenye mtungi wa kioo na kuuweka kabatini wiki nne. Kila siku unautikisa. Mama anautikisa kwa heshima kama anabembeleza mtoto, mimi nikiutikisa ananiambia nisiugombeze.

Tukaweka mabakuli manne. Mlangoni pa chumba chake waridi na lavenda. Sebuleni machungwa na mdalasini. Nje ya choo mchaichai na majani ya mkaratusi. Na la nne, la karafuu tupu, kali, liko juu ya ngazi za kushukia barabarani, na maana yake ni simama hapo hapo. Jikoni hatukuweka kitu, Mama alisema jiko linajitangaza lenyewe. Ndani ya mwezi mmoja akawa anatembea nyumba nzima mikono imefungwa nyuma, kama mkaguzi wa shule. Uliona mwenyewe. Ulikaa kwenye kochi ukamwangalia akitoka chumbani hadi kwenye kiti chake bila kugusa chochote, ukatoa leso, ukasema ni mafua. Kisha ukanishika bega ukaniambia nina pua ya ajabu, kwamba bila mimi Mama angekuwa gizani. Nikacheka nikakukaribisha chai.

Kaka, siku ile nilikuwa na miezi miwili sisikii harufu yoyote.

Ile homa niliyougua kipindi cha baridi, ambayo nilikuambia ni uchovu tu, ilipita na pua yangu. Nililigundua kazini. Unajua pale kwenye karakana ya kujalidi vitabu tunachemsha gundi, na gundi ikiharibika inanuka vibaya, Mungu anisamehe. Asubuhi moja wenzangu wote walitoka mbio wamejiziba pua, na mimi nimebaki peke yangu nakoroga sufuria kwa raha zangu, nashangaa watu wamepatwa na nini. Bosi akadhani nafanya mzaha. Nikajifanya ni mzaha kweli. Daktari aliniambia huenda harufu itarudi, huenda isirudi, nikatoka pale na sikumwambia mtu.

Mama alinikamata ndani ya siku kumi. Hakuniuliza kitu. Alinipa mtungi uliofungwa kitambaa kote hadi mdomoni, akaniambia ninuse kama waridi limekolea au tuongeze tone. Nikasogeza pua, nikavuta pumzi kwa madaha kabisa, nikamwambia limekolea vizuri, lisiguswe. Halafu akasema mle ndani hamna waridi, mna maranda aliyoyaomba kwa fundi seremala wa jirani, hayajatiwa hata tone moja la mafuta. Nilihisi nimevuliwa nguo. Akanitafuta kichwa kwa mkono, akakilaza begani kwake, akauliza tangu lini.

Tangu hapo tukafanya kazi kwa namna yetu. Yeye ananusa na kuamuru, mimi naangalia rangi, nasoma vibandiko vya chupa na kuhesabu matone. Akisema bado linanuka kichungu, naongeza tone. Akisema basi, nafunga. Maziwa yakichacha ananiambia yeye. Nikisahau kitambaa kibichi kwenye ndoo, yeye ndiye anayenipigia kelele. Kaka, nilikuwa nafurahi. Sijawahi kukaa karibu na Mama hivyo tangu nilipokuwa mtoto. Wewe na wifi mlikuwa mnanisifu kwa kumtunza, na sifa ni tamu, nikaziacha zikae.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo nimekuwa nalizungukazunguka tangu nianze kuandika.

Mvua zilivyoshika, maua yakagoma kukauka. Siku ya nne yalikuwa bado yamelegea, mengine yameanza madoadoa ya ukungu. Mama akaniambia yasubiri, hewa itageuka. Mimi, kwa haraka zangu, mchana ule nilivyorudi mapema kazini niliyatandaza kwenye trei pamoja na vipande vya machungwa, nikaingiza ndani ya oveni ili yakauke kwa moto mdogo. Nikafunga mlango wa jikoni joto lisitoke. Nikaenda kukaa sebuleni na redio yangu, nashona vifuko vya kutilia maua. Kumbe ile swichi ya oveni niliizungushia upande usio wake. Moto haukuwa mdogo, ulikuwa mkubwa kupita wote, na taulo la kufutia vyombo lilikuwa linaning'inia mlangoni mwa oveni.

Mama alikuwa amejilaza. Nikamsikia kutoka chumbani ananiuliza kuna nini kinaungua.

Nikamjibu hakuna kitu. Sikuinuka, kaka. Nilimjibu bila hata kugeuza shingo, tena kwa sauti ya mtu anayesumbuliwa, kwamba ni maua yake tu yanakauka. Mimi, nisiyeweza kutofautisha waridi na maranda, nikamwambia Mama kwamba hakuna kinachoungua!

Hakubishana na mimi. Nilimwona tu anapita mbele yangu, haraka kuliko nilivyowahi kumwona akitembea tangu macho yalipozima, na kabla sijauliza anakwenda wapi alishafungua mlango wa jikoni. Moshi ukamwagika sebuleni. Taulo lilikuwa linawaka. Yeye alilisikia kwa joto, akalivuta kwa mkono mtupu akalitupa kwenye sinki, akafungua maji, kisha akarudisha mkono ule ule kutafuta swichi na kuzima oveni. Mimi wakati huo nimesimama kizingitini kama gunia, na sindano mkononi. Ndipo alipoungua. Alikuwa hapiki. Hakuingia jikoni kwa ukaidi. Hakukosea hatua hata moja. Aliungua kwa sababu yangu, na kama angenisikiliza mimi mwenye macho, sijui leo nani angekuwa anakuandikia.

Ulipopiga simu tulikuwa kwenye benchi la zahanati, mkono wake ukiwa ndani ya beseni la maji. Uliuliza kama Mama amejiunguza mwenyewe kwa kujaribu kupika, nikasema ndiyo. Neno moja. Ukaanza kusema mambo ya kumchukua, na mimi nikabaki nimeshika simu kwa mikono miwili. Mama alikuwa ameegemea bega langu, alisikia swali na jibu. Tulipofika nyumbani nikaanza kuomba radhi, akanikatiza. Alisema niliache lilivyo. Kwamba wewe una familia na kazi na goti bovu, ukijua na mimi nina ulemavu wangu utakuwa na watu wawili wa kukukosesha usingizi, basi afadhali umwone yeye kuwa kikongwe mbishi.

Nikaliacha wiki mbili. Niite jina lolote unalotaka, nimeshajiita yote. Lakini jana nilimkuta anakunja nguo zake kwa mkono mmoja, anazipanga kwenye lile begi la kahawia. Akaniomba nimfungashie maua ya mitungi yote minne, ili akifika kwako aweke alama kwenye milango, na akaanza kunielekeza nimwandikie wifi jinsi ya kuongeza mafuta yakipungua nguvu. Kwa utulivu kabisa, kama mtu anayekwenda matembezi. Anaacha nyumba anayoijua kila kona ili kunifichia siri yangu. Nikasema la, hapa sitavuka.

Kwa hiyo sasa unajua, kaka. Mama hana kosa. Mwenye kosa ni mimi, mara mbili: jikoni na kwenye simu. Nisamehe kwa yote mawili, na kama huwezi leo, nisamehe taratibu. Fundi wa umeme ameshatufungia kwenye dari ya jikoni kile kidude kinachopiga kelele kikinusa moshi, na oveni nimeapa siigusi Mama akiwa hajakaa kitini karibu yangu. Siku nyingine nikiambiwa kitu kinaungua nitaruka kama mkizi. Lakini Jumamosi njoo, usiache kuja. Kaa siku mbili, ututazame tunavyoishi, halafu uamue ukiwa na habari kamili. Chochote utakachosema nitakisikiliza, mimi sina tena haki ya kubisha.

Nimemaliza kumsomea Mama barua hii yote sasa hivi, sikuruka hata mstari. Nilipofika kwenye lile la simu aliweka sinia pembeni na kuniambia mimi ni mjinga, kisha akanivuta akanibusu kwenye paji la uso, mkono wa bandeji ukinining'inia shingoni. Baada ya hapo ameagiza niongeze maneno yake mwenyewe, na amenitaka nimrudishie kwa sauti ili ahakikishe sijayapamba. Anasema hivi: siku ile ya moto alitoka kitandani hadi kwenye oveni bila kugusa ukuta, kwa hiyo asije mtu kumwambia amepotea ndani ya nyumba yake. Lakini kama mwanawe bado anataka kumchukua, basi hakatai, ila aje na gari lenye nafasi ya watu wawili na aandae chumba cha vitanda viwili, kwa sababu yeye hawezi kumwacha huyu binti yake peke yake na jiko.

Msalimie sana wifi, wabusu watoto wote kwa niaba yetu, na goti lako lipe pole. Tunakungoja Jumamosi.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda na kukuonea haya,

Kidomo