Mjusi wa Marsabit Chini ya Blanketi

Wamagana, Jumanne, Julai 1996

Jua halijaonekana tangu Alhamisi. Ukungu unakalia mashamba ya chai hadi saa sita, na vidole vyangu vinakataa kushika kalamu vizuri.

Mjusi amekufa.

Baba, ambaye huendesha greda kwenye barabara za Marsabit, alimleta wiki mbili zilizopita ndani ya mkebe wa maziwa ya unga. Mjusi alikuwa ameumia mguu. Mwembamba, rangi ya mchanga, mkia wake mara mbili ya mwili. Baba alisema kule jangwani hutoka wakati wa joto kali, viumbe wengine wakiwa wamejificha, na kukimbiza wadudu kutoka kivuli cha kichaka kimoja hadi kingine. Baba hakuwahi kumwona mjusi wa aina hiyo akinywa maji.

"Wewe ndiye mtu wa wanyama hapa," aliniambia. "Akipona, nitamrudisha kwao."

Hakuna mwingine aliyewahi kuniita hivyo. Tangu nimalize shule, watu huniuliza tu kama nitajifunza ushonaji.

Basi nikamtunza. Kwetu vifaranga wakianguliwa miezi ya baridi huwekwa kwenye katoni jikoni na kufunikwa kwa kipande cha blanketi. Nami nikafanya hivyo. Akaacha kula panzi. Nikaongeza blanketi la pili. Akatulia, nikafurahi kwamba amelala, nikaacha kumfunua ili nisimsumbue.

Kila asubuhi nilimsalimia kwa juu ya blanketi.

Kifaranga ana joto lake mwenyewe, na blanketi humhifadhia. Mjusi hana. Lake hulipata juani na kwenye mawe. Jambo hili niliwahi kuliandika katika mtihani wa majaribio wa baiolojia, nikapigiwa tiki. Kumbe nilikuwa nafunika baridi.

Leo mama alinikuta jikoni nikilia, katoni iko magotini.

"Ati unalilia mjusi? Hata si kuku! Mwambie baba yako ilitoroka, yaishe."

Ningeweza. Baba angeamini, tena angecheka na kusema mguu umepona basi. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Anafika Jumamosi. Nitamwambia ukweli, hata kama hataniachia kiumbe kingine maishani. Lakini namjua baba. Hatagomba. Atavuta kiti, aniulize polepole alikufa siku gani.

Sijui.