Baba, Hukuwa na Roho Mbaya

Baba yangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa Bariadi. Mama yuko uani anachagua mchele, na sijamwambia ninamwandikia nani. Angeniuliza barua itapitia wapi.

Unakumbuka lile lambo letu. Mlilichimba ninyi wenyewe, wanaume wa kijiji, kwa majembe, na wanawake wakibeba udongo kwa karai. Mama alikuwa na mimba yangu, na ulikuwa ukimwambia akae kivulini naye hakai. Nilikua nikijua kwamba maji yale ni yetu kama vile jua ni letu.

Kisha biashara ya pamba ikafunguliwa. Magari ya wanunuzi binafsi yakaanza kuingia kijijini, na ghala la ushirika likabaki na popo. Limbu akaja wakati huo. Alijenga ghala lake, serikali ya kijiji ikampa eneo, na eneo lile likalimeza lambo. Wewe hukunung'unika. Watoto wake walipougua ulinituma niwapelekee maziwa, na ulipokutana naye njiani mlisalimiana kirefu, Kisukuma, mkaulizana mpaka habari za wakwe.

Mwaka uliofuata mvua zilikatika mapema, naye akazungusha seng'enge.

Nilikuwa na wewe siku ile. Ng'ombe walikuwa wamesimama kando ya waya wakisikia harufu ya maji, na yule jike mweusi aliyekuwa na ndama alikuwa ameshalala chini. Ulimwomba mlinzi afungue. Akasema ufunguo anao bosi, na bosi amekwenda Mwanza. Ulikaa chini ukafikiri. Kisha ukaenda kuazima praizi kwa fundi baiskeli, ukarudi, ukakata waya mbele ya mlinzi, mchana kweupe. Ng'ombe waliingia kwa kishindo na nguzo kadhaa zikalala. Walipokwisha kunywa ulizisimamisha zile zilizosimamika, ukafunga pengo kwa kamba ya katani. Limbu aliporudi ulikwenda kwake mwenyewe kumweleza. Alikusikiliza, akakukaribisha chai. Kesho yake polisi wakaja.

Shitaka lilikuwa kuharibu mali kwa nia ovu. Hapo ndipo ulipopotelea, Baba, kwenye maneno hayo mawili. Kiswahili chako kilikuwa cha mnadani, kwa hiyo mahakama ikakupa mkalimani, kijana mpole mwenye haraka. Nia ovu akaiita kwa Kisukuma roho mbaya. Niliona uso wako ulivyobadilika. Ukaanza kujieleza, ukaeleza sana: kwamba Limbu ni jirani, kwamba watoto wake wamekunywa maziwa yako, kwamba lambo lile mlilichimba kwa mikono yenu na hakuna aliyewahi kukuambia kwamba si lenu tena. Ulipomaliza, mkalimani akamgeukia hakimu.

“Anakubali alikata waya. Anasema hana roho mbaya.”

Mama alisimama pale kwenye benchi akasema si hivyo tu alivyosema. Askari akamwambia akae au atolewe. Akakaa.

Hakimu hakuwa mkali. Alikueleza taratibu, kama mtu anayemwonea mwenzake huruma, kwamba sheria haiulizi kama unamchukia mtu. “Inauliza ulijua uzio ni wa mwenzako, ukaukata kwa kukusudia, bila ruhusa yake. Ulijua?” Mkalimani akakuuliza. Ukajibu kweli, kwa sababu hukuwa na jibu lingine: ulijua.

Ulifungwa, na ng'ombe wakaenda kufidia uzio.

Kifungo kiliisha, neno halikuisha. Walioisikiliza kesi walirudi kijijini na tafsiri ya mkalimani: mahakama imemkuta na roho mbaya. Kwetu mtu wa roho mbaya ana jina lingine, na jina hilo halitamkwi mbele yake. Ndama wa jirani alipokufa, watu walitazama upande wa kwetu. Mtoto wa Limbu alipopata degedege, mkewe alirudisha kibuyu cha maziwa kikiwa bado kimejaa. Sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wakakuondoa kwenye uongozi wao bila kukuita kikaoni. Ulianza kukaa ndani ya boma hata siku za mnada. Niliporudi likizo kutoka shuleni nilikukuta umekonda, ukaniuliza.

“Ng'wanone, mwanangu, wewe umeniona na roho mbaya?”

Nilikuambia sijaiona. Ukaitikia kwa kichwa, kama mtu anayemwitikia mtoto.

Ulipofariki, wanaume waliokuja kuchimba kaburi walikuwa wajomba zangu tu. Majirani walisimama mbali, kwenye mashina ya pamba, kisha wakaondoka.

Baadaye nilikwenda kusomea kazi za mahakama. Siku moja mwalimu alifundisha jambo lako, ingawa hakukutaja. Alisema nia ovu katika sheria haina uhusiano na chuki. Ni kukusudia tendo lisilo halali huku ukijua litaleta hasara. Mtu anaweza kumpenda mwenye mali na bado akawa na nia ovu. Halafu akaongeza kwamba mtu akitenda kwa kuamini kwa dhati kwamba ana haki juu ya mali ile, hata kama amekosea, hana hatia. Nilinyoosha mkono, nikasimulia habari ya mzee mmoja na lambo. Akanijibu. “Kama angelisema hilo, pengine angeachiwa.”

Ulilisema, Baba. Nilikuwepo.

Nilipanda basi nikaenda kumweleza Mama. Alinisikiliza mpaka mwisho. “Sasa neno hilo nilipeleke wapi?” akaniuliza. Nikasema nitalipeleka mimi. Nikawaendea wazee, nyumba kwa nyumba. Walinipa kiti, wakanisikiliza. Mzee wa sungusungu, yule mliyelima naye ujana wenu wote, alinijibu bila ubaya wowote: “Mwanangu, sisi hatukusema. Mahakama ndiyo ilisema.” Limbu hakuwepo tena, bei ilipoanguka alifunga ghala akahama. Lambo limejaa tope.

Nilimhamishia Mama huku mjini. Watu wa kijiji wakija sokoni wanapita mbele ya mlango wetu wakitazama upande mwingine. Juzi Mama alinishika mkono akaniomba akifa asirudishwe kule, maana hataki wajomba wazee wahangaike tena na majembe peke yao. Nimemkubalia.

Kwa hiyo utabaki peke yako, Baba. Nilitaka uisikie habari hii kwangu kwanza.

Ni mimi, binti yako wa kwanza.